Sura ya Nne: Nani Anaziamsha Seli T?

Kwa zaidi ya miaka 20, herufi mbili na tarakimu moja, CD4, zimebeba hofu na matumaini ya familia nyingi Afrika Mashariki. Aliyepita kliniki ya VVU, au aliyemsindikiza ndugu yake huko, anakumbuka majibu yalivyosubiriwa. Hesabu ikishuka chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu, dawa zilianzwa upesi. Ikipanda, nyumba nzima ilishusha pumzi. Washauri nasaha walitufundisha kwamba CD4 ni askari wa mwili, na somo hilo likamkaa hata ambaye hakuwahi kusoma baiolojia: askari wakipungua, maradhi huingia.

Sura hii inawahusu askari haohao, kwa upande ambao kliniki ya VVU haikuwa na sababu ya kuufundisha. Wanaweza kuwa wengi, wenye afya na silaha kamili, kisha wakamgeukia wanayemlinda. Jambo hilo likitokea ndani ya ubongo na uti wa mgongo, ugonjwa unaozaliwa huitwa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Nitaeleza namna wanasayansi walivyofika hadi kuzishika seli T kwa kosa hilo, walikoteleza njiani, na kwa nini swali kubwa la leo limehama. Zamani waliuliza ni seli gani inayoharibu. Sasa wanauliza ni nani anayeiamsha, na ni nani anayeifungulia mlango. Sehemu ya jibu ilisafiri kwa ndege kutoka Kampala.

Ala inayochunika

Ubongo huzungumza na mwili kupitia nyuzi za neva. Nyingi kati ya nyuzi hizo zimezungushiwa ala ya mafuta na protini iitwayo mayelini, inayotengenezwa na seli zinazojulikana kama oligodendrosaiti. Uzi ukiwa na ala yake, ujumbe hupita kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Ala ikichunika, ujumbe huchelewa, huchanganyika au hukatika kabisa. Ikikaa muda mrefu bila kurudishwa, uzi wenyewe hufa, na uzi wa neva uliokufa ndani ya ubongo haumei tena.

Mwaka 1868 Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, aliunganisha dalili alizoziona kwa wagonjwa walipokuwa hai na madoa magumu yaliyokutwa katika ubongo na uti wao baada ya kufa. Madoa hayo yalikuwa makovu. Miaka mitano kabla yake Mjerumani Eduard Rindfleisch alikuwa ameona jambo ambalo umuhimu wake haukueleweka kwa muda mrefu: katikati ya doa mara nyingi kuna mshipa mdogo wa damu. Kilichoharibu ubongo kilikuwa kimetoka kwenye damu.

Dalili hutegemea doa limeangukia wapi. Mmoja huamka jicho moja limetanda ukungu, tena linauma akilizungusha. Mwingine hupata ganzi kuanzia kiunoni kushuka miguuni. Wa tatu hushindwa kuzuia mkojo, au huona uchovu ambao usingizi hauuondoi. Kwa wengi, mwanzoni dalili hukaa siku au wiki kadhaa, kisha hupungua zenyewe. Baada ya miezi au miaka huja nyingine mahali pengine, na mgonjwa huenda asizihusishe hizo mbili. Ugonjwa huanza zaidi kati ya umri wa miaka 20 na 40, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha watu wapatao milioni 2.8 duniani wanaishi nao.

Zinakochujwa

Ili kuelewa kosa la seli T, tuanze na malezi yake. Hadi mwaka 1961 tezi ya thaimasi, iliyoko kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, ilidhaniwa na wengi kuwa masalio yasiyo na kazi. Mwaka huo Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti London, aliwatoa panya wachanga tezi hiyo. Panya hao walikua na upungufu mkubwa wa chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti, waliugua maambukizi ovyo, na walipopandikizwa ngozi ya panya wengine miili yao haikuikataa. Hapo ikafahamika kwamba kundi zima la walinzi wa mwili hulelewa kwenye thaimasi, na ndiyo maana likaitwa seli T.

Kila seli T hubeba juu yake kipokezi kilichoundwa kwa kuchanganya vipande vya jeni bila mpangilio maalumu. Ndiyo njia ya mwili kujiandaa kwa vijidudu ambavyo haujawahi kukutana navyo. Lakini bahati nasibu hiyo huzaa pia vipokezi vinavyonasa protini za mwili wenyewe. Kwa hiyo thaimasi huchuja. Seli ambayo kipokezi chake hakifai kitu hufa, na inayokamata kwa nguvu kilicho cha mwili huuawa au huelekezwa kazi nyingine. Kati ya seli zote zinazoanza safari hiyo, ni sehemu ndogo tu hutoka zikiwa hai.

Mchujo huo ni mkali, ila hauzuii kila kitu. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 maabara mbalimbali zilitafuta seli T zinazoitambua mayelini katika damu ya wagonjwa wa MS. Zilipatikana. Kisha zikatafutwa katika damu ya watu wazima wasio na ugonjwa wowote, nako zikapatikana. Mimi ninayeandika na wewe unayesoma, yaelekea sote tunazo. Matokeo hayo ndiyo kiini cha sura hii, kwa sababu yanaondoa jibu jepesi. Kuwa na seli inayoweza kuushambulia ubongo ni hali ya kawaida ya binadamu. Ugonjwa unahitaji zaidi ya hapo.

Kuna jambo moja zaidi la kulishika. Seli T haikioni kirusi kizima wala mayelini nzima. Huona vipande vifupi vya protini ambavyo seli nyingine huvitandaza juu yake vikiwa vimeshikwa na molekuli ziitwazo HLA. Seli zenye alama ya CD4 husoma vipande vilivyoshikwa na kundi moja la HLA, nazo hutoa amri na kuchochea wengine. Zenye alama ya CD8 husoma kundi la pili, na huua moja kwa moja. HLA hutofautiana kati ya mtu na mtu, na aina tunayorithi huamua ni vipande gani vinaonyeshwa vizuri. Mapema miaka ya 1970 watafiti wa Denmark na kwingineko waligundua kwamba baadhi ya aina za HLA ni nyingi kupita kawaida kwa wagonjwa wa MS. Aina inayojulikana leo kama DR15 huongeza hatari takriban mara tatu kwa watu wenye asili ya Ulaya, na hufanya kazi ya kuonyesha vipande kwa seli za CD4. Tafiti kubwa za jeni zilizofuata, ikiwemo ya mwaka 2019 iliyotaja zaidi ya sehemu 200 za jenomu zinazohusika, zilirudi kwenye mfumo uleule wa kinga. Ugonjwa unaonekana kwenye neva, lakini urithi wake unaelekeza kwenye damu.

Kutoka chanjo ya kichaa cha mbwa

Ushahidi wa kwanza wa majaribio ulitokana na madhara ambayo hayakutarajiwa. Mwaka 1885 Louis Pasteur alianza kutoa chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura walioambukizwa, ukiwa umekaushwa. Chanjo iliokoa maisha ya watu wengi. Lakini wachache waliochomwa sindano hizo mfululizo walipooza kwa namna isiyofanana na kichaa cha mbwa.

Katika miaka ya 1930 Thomas Rivers, wa Taasisi ya Rockefeller jijini New York, aliamua kujua kama kisa ni kirusi au ni tishu ya ubongo iliyomo kwenye chanjo. Yeye na wenzake waliwachoma tumbili sindano za ubongo wa sungura wenye afya, tena na tena kwa muda mrefu. Baadhi ya tumbili walidhoofika viungo, na ubongo wao ulipochunguzwa ulikutwa na mayelini iliyochunika kandokando ya mishipa ya damu. Hapakuwa na kirusi. Mnyama alikuwa ameushambulia ubongo wake baada ya kuonyeshwa ubongo wa mwingine.

Bado haikujulikana ni sehemu gani ya kinga inayohusika. Wengi walizishuku antibodi, protini zinazoelea kwenye damu. Mwaka 1960 Philip Paterson alihamisha seli kutoka kwenye tezi za limfu za panya wagonjwa akawatia panya wazima, nao wakaugua. Tezi hizo ni zilezile zinazovimba kinenani tukasema mtu ana mtoki. Kisha mwaka 1981, katika Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, Avraham Ben-Nun, Hartmut Wekerle na Irun Cohen wakafanya jaribio lililomaliza mabishano mengi. Walikuza maabara ukoo wa seli T zinazotambua protini moja ya mayelini, wakazichoma kwenye mishipa ya panya wasio na tatizo lolote. Panya wakapooza. Hapakuhitajika antibodi wala kipande cha ubongo.

Katika jaribio hilo lilikuwamo sharti ambalo wasomaji wengi wa matokeo yake walilipita haraka. Seli zilisababisha ugonjwa pale tu zilipokuwa zimeamshwa kabla ya kudungwa. Seli zilezile zikiwa zimelala hazikumdhuru mnyama. Kumbe hata katika mfano ulioihukumu seli T, swali la nani ameiamsha lilikuwa pale tangu siku ya kwanza.

Njia ya kuingilia

Ubongo umejitenga na damu. Seli zinazotandika kuta za ndani za mishipa yake zimebanana kiasi kwamba hata dawa nyingi hazipiti. Seli T iliyolala huzunguka kwenye damu na tezi za limfu bila kuuvuka ukuta huo kirahisi. Ikishaamshwa hubadilika. Huotesha juu yake protini za kushikia, mojawapo ikiwa ni integrini iitwayo alfa-4, ambazo hujishikiza kwenye ukuta wa mshipa. Hupunguza mwendo, husimama, kisha hujipenyeza.

Kuvuka peke yake hakutoshi kuleta madhara. Ndani, seli T hukutana na seli zinazobeba vipande vya protini vya eneo hilo. Isipokiona kipande inachokitambua, huondoka au hufa. Ikikiona, huamka mara ya pili na kuanza kutoa kemikali za kuita wengine: interferoni gama, intalukini-17 na nyinginezo. Ukuta wa mshipa hulegea, makrofeji huja kutoka kwenye damu, na mikroglia, ambao ni walinzi wakaazi wa ubongo, huchachamaa. Hao ndio hula mayelini kwa wingi. Seli ya CD4 haihitaji kuitafuna ala yenyewe. Kazi yake ni kuliita kundi.

Madoa ya wagonjwa wenyewe yalipochunguzwa kwa makini, yaliongeza sura nyingine. Seli za CD8 zilikutwa nyingi kuliko za CD4. Mwaka 2000 watafiti waliofanya kazi Ujerumani walionyesha kwamba nyingi ya CD8 hizo ndani ya doa zilikuwa za koo chache, maana yake zilizaliana kutoka kwa mama wachache baada ya kutambua kitu fulani. Mfano wa panya, uliojengwa juu ya CD4, ulikuwa umeonyesha nusu ya habari.

Elimu ya njia ya kuingilia ndiyo iliyozaa moja ya dawa zenye nguvu zaidi. Mwaka 1992 Ted Yednock, Lawrence Steinman na wenzao waliripoti kwamba antibodi inayoziba integrini alfa-4 inazuia ugonjwa wa panya. Seli T zilibaki kwenye damu, zimeamka, zisiweze kushika ukuta. Kutokana na wazo hilo ikatengenezwa natalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2004. Mashambulizi ya ugonjwa yalipungua kwa takriban theluthi mbili kwa waliotibiwa.

Miezi mitatu baadaye dawa iliondolewa sokoni. Baadhi ya wagonjwa waliotibiwa walikuwa wamepata maambukizi ya ubongo ya kirusi cha JC, ambacho watu wengi hukaa nacho bila madhara kwa sababu seli T hupita ubongoni mara kwa mara na kukidhibiti. Walinzi walipozuiwa kuingia, kirusi kikaamka. Mwaka 2006 dawa ilirudishwa kwa masharti ya ufuatiliaji mkali, na leo hupimwa kwanza kama mgonjwa amewahi kukutana na kirusi hicho.

Tukio hilo lilithibitisha mambo mawili kwa mpigo, tena kwa gharama ya maisha ya watu. Kuingia kwa limfosaiti ubongoni ndiko kunakoendesha mashambulizi ya MS. Na kuingia huko huko ndiko kunakoulinda ubongo kila siku. Tiba yoyote inayozitazama seli T kama adui mtupu itamdhuru mtu inayemtibu.

Waliokisia wakakosea

Historia ya tiba za MS ina makosa yaliyofundisha zaidi kuliko mafanikio. Mwaka 1987 Hillel Panitch na wenzake waliripoti jaribio la kuwapa wagonjwa interferoni gama, kwa kuwa interferoni zilidhaniwa kuwa msaada dhidi ya virusi. Ugonjwa ulichochewa, na jaribio likasimamishwa. Hapo ikaonekana kwa binadamu kwamba kemikali inayotolewa na seli T inaweza kuwasha mashambulizi. Binamu yake, interferoni beta, ilifanya kinyume, na mwaka 1993 ikawa dawa ya kwanza ya MS kuidhinishwa Marekani kwa lengo la kupunguza mashambulizi.

Ilipokuja antibodi ya kuangamiza seli za CD4, wengi walitarajia ushindi, lakini katika jaribio la miaka ya 1990 haikuzuia madoa mapya kama ilivyotumainiwa. Baadaye panya walionyesha kwamba intalukini-23, inayolisha kundi la seli T liitwalo Th17, ni ya lazima kwa ugonjwa wao. Dawa inayoziba kemikali hiyo ikajaribiwa kwa wagonjwa wa MS, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 hayakuonyesha faida. Ni dawa hiyohiyo inayosaidia wagonjwa wa soriasisi ya ngozi.

Hata dawa ya glatirama ilizaliwa kwa njia isiyotarajiwa. Michael Sela, Ruth Arnon na Dvora Teitelbaum wa Weizmann walitengeneza minyororo ya asidi amino inayofanana na protini ya mayelini wakitaka kuwasababishia wanyama ugonjwa. Wanyama hawakuugua, bali walikingwa. Glatirama iliidhinishwa mwaka 1996 na ingali inatumika.

Ndani ya makosa hayo likaibuka kundi la seli T lenye tabia nyingine. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alieleza seli za CD4 ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake. Ukiziondoa kwa panya, kinga yake huanza kuushambulia mwili. Mary Brunkow na Fred Ramsdell walichangia kulifahamu jeni linaloziongoza, FOXP3, na mwaka 2025 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Kwa wagonjwa wa MS, utafiti wa mwaka 2004 wa kundi la David Hafler ulionyesha kuwa seli hizo zipo kwa idadi ya kawaida, ila uwezo wake wa kutuliza umepungua. Jambo hili linaeleza kwa nini wewe na mimi tunazo seli zinazoitambua mayelini na bado tunatembea. Kuna wanaozizuia.

Sanduku kutoka Kampala

Turudi kwa anayeamsha. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwezi Machi 1961 alitoa mhadhara jijini London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyehisi kwamba uvimbe huo una kirusi nyuma yake. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vipelekwe London kwa ndege.

Kwa muda mrefu hakuna kirusi kilichoonekana. Kisha siku moja ya baridi ndege iliyobeba sampuli ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na sampuli ikafika maji yake yakiwa yamechafuka. Ilidhaniwa imeoza kwa bakteria. Epstein alipoichungulia kwa hadubini alikuta seli hai za uvimbe zikielea zenyewe. Kutokana na seli hizo, mwaka 1964, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi kipya. Leo kinaitwa Epstein-Barr, EBV. Kimelala katika miili ya takriban asilimia 95 ya watu wazima duniani, ndani ya limfosaiti za kundi la B, yaani seli B.

Mwezi Januari 2022 kundi la Alberto Ascherio na Kjetil Bjornevik wa Chuo Kikuu cha Harvard lilitoa utafiti uliotumia damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10. Kati ya wagonjwa wa MS 801 waliokuwa na sampuli za kutosha, ni mmoja tu ambaye hakuwa na dalili ya EBV katika sampuli ya mwisho kabla ya ugonjwa kuanza. Kwa walioambukizwa EBV katika kipindi cha utafiti, hatari ya MS ilipanda mara 32. Virusi vingine havikuonyesha hivyo.

Kirusi kilicho kwa karibu kila mtu hakiwezi kuwa maelezo kamili. Lakini kinaelekeza mahali pa kutazama, yaani pale seli B yenye kirusi inapokutana na seli T. Kufanana kwa protini ni njia moja. Mwaka huohuo 2022 watafiti wa Stanford walionyesha kuwa antibodi za baadhi ya wagonjwa zinakamata protini moja ya EBV na protini moja ya ubongo iitwayo GlialCAM. Njia ya pili ni seli B kuwa ndiyo mwamshaji. Mwaka 2018 kundi la Roland Martin na Mireia Sospedra huko Zurich lilionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye HLA ya DR15, seli B za kumbukumbu huzichochea seli T kuzaliana, na baadhi ya seli T hizo ni za aina zinazopatikana ndani ya madoa ya ubongo.

Ushahidi wa tiba unakubaliana na hilo. Mwaka 2008 Stephen Hauser na wenzake waliripoti kwamba rituksimabu, dawa ya saratani inayoangamiza seli B, inapunguza madoa mapya ya MS kwa kiwango kikubwa. Athari ilionekana ndani ya wiki chache, huku antibodi za damu zikiwa hazijapungua sana. Kumbe kosa la seli B halikuwa hasa antibodi zake. Zilipoondoka, seli T zilikosa mwamshaji. Ndugu ya dawa hiyo, okrelizumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017.

Na sisi tunaokaa karibu na ikweta? MS imeripotiwa kwa uchache Afrika kuliko Ulaya ya kaskazini. Watoto wetu wengi hupata EBV wakiwa wadogo mno, ilhali katika nchi tajiri wengi huipata wakibalehe au baadaye, na wanaoipata kwa kuugua homa ya tezi katika umri huo wana hatari kubwa zaidi ya MS. Jua na vitamini D vinatajwa pia, pamoja na tofauti za HLA. VVU navyo vimeleta fununu yake: utafiti wa kumbukumbu za hospitali za Uingereza uliotolewa mwaka 2014 ulikuta wenye VVU wana uwezekano mdogo sana wa kupata MS kuliko wengine, huenda kwa sababu ya upungufu wa CD4, huenda kwa sababu dawa za ARV zinakandamiza na virusi vingine. Lakini uchache wa taarifa una sababu nyingine isiyo ya baiolojia. Mashine ya MRI iko mbali, na wataalamu wa neva ni wachache. Ugonjwa usiopimwa hauhesabiwi.

Saa ya kutibu

Elimu hii ya seli T ina matokeo kwa mgonjwa wa leo. Katika miaka ya mwanzo, MS huendeshwa zaidi na mawimbi ya limfosaiti zinazotoka kwenye damu. Hicho ndicho kipindi ambacho dawa za kuziba mlango au kumwondoa mwamshaji hufanya kazi vizuri. Miaka ikienda, sehemu ya seli hizo hufanya makazi ndani ya ubongo, mikroglia hubaki wamechachamaa, na nyuzi zilizokosa ala huendelea kufa polepole. Dawa inayofanya kazi kwenye damu huwafikia kwa shida walioko ndani tayari. Miaka mitano ya kuzunguka hospitali bila jina la ugonjwa ni miaka mitano ya nafasi bora iliyopotea.

Kwa hiyo kijana aliyepoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja kisha likarudi, au aliyepata ganzi ya miguu iliyodumu wiki mbili ikaisha, hastahili kuambiwa amerogwa, wala kuambiwa ni mawazo tu. Anastahili daktari atakayeuliza kama kuna dalili nyingine iliyotangulia, kisha kipimo cha MRI na, inapohitajika, cha maji ya uti wa mgongo.

Na dawa si ndoto ya mbali kama ilivyokuwa. Mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa za MS katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Rituksimabu ni dawa ya zamani, inatengenezwa sasa na viwanda vingi, na hospitali zinazotibu saratani ya limfu tayari zinaifahamu. Inahitaji tahadhari. Mgonjwa apimwe homa ya ini ya aina B, ambayo inaweza kuamka vibaya, achunguzwe kifua kikuu, na chanjo zake zikamilishwe mapema. Natalizumabu ilishatufundisha kwamba kumzuia mlinzi kuna gharama. Kliniki zetu zinaijua gharama hiyo vizuri, kwa sababu zimewahudumia kwa miongo mingi watu ambao walinzi wao wamepungua.

Ujuzi huo ni mtaji. Muuguzi aliyezoea kutafuta kifua kikuu kwa mtu mwenye CD4 chache anaweza kumfuatilia mgonjwa wa MS anayetumia dawa ya kupunguza kinga. Maabara inayohesabu CD4 inaweza kuhesabu seli B. Kinachokosekana zaidi ni mazoea ya kuufikiria ugonjwa huu pale dalili zake za kwanza zinapofika dirishani kwa daktari wa wilaya. Wizara zetu za afya zingeweza kuanza hapo: kuufundisha MS kwa madaktari wa ngazi hiyo, na kuiweka rituksimabu kwenye orodha za taifa kwa ajili ya ugonjwa huu, si kwa saratani peke yake. Seli T za mgonjwa zimeshaamka, na kila mwezi wa kumchelewesha unazipa nafasi ya kuingia.